Kanda ya Pili Kabla ya Kwanza

Mwalimu Rweyemamu aliniletea orodha ya vitabu na filamu arobaini na mbili, imechapwa vizuri, imepangwa kwa herufi, na juu kabisa kaandika jina langu. Niliisoma nikiwa nimesimama kaunta, mteja wa kopi ananisubiri. Kati ya vyote arobaini na mbili nilikuwa nimesoma vitabu viwili na kutazama filamu tatu, na moja kati ya hizo tatu nililala katikati.

"Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyovipenda?" nikamuuliza.

"Ndivyo vinavyopendwa na watu wanaotunga michezo kama huu wako," akasema. "Ukurasa ule lazima uwe na uzito, Bernadeta. Watu wataufungua Nairobi, wataufungua Dar."

Mchezo wenyewe unaitwa Ng'ambo. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na wengine kila mmoja ana mhusika wake: mvuvi, mganga, askari mtoro, yeyote anayemtaka. Msimulizi anasema kilicho mbele yao, wao wanasema wanafanya nini, na penye mashaka dadu ya pande ishirini inaamua. Hakuna ubao wala kete za kusogeza. Kuna karatasi, penseli na midomo yetu. Tumeucheza miaka minne, kila Jumapili mchana, nyuma ya duka langu la steshenari hapa Kiseke, Mwanza, kwenye meza ambayo siku za kazi naikatia karatasi.

Mwaka huu mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alikubali kuutoa kama kitabu. Mhariri wake, Florian, kijana mstaarabu mwenye sauti ya mtangazaji, alisoma kila kitu na kusifia kila kitu, kisha akasema kimebaki kitu kimoja. Vitabu vya michezo ya namna hii vina desturi yake: ukurasa wa mwisho mtunzi anataja vitabu na filamu anavyovipenda, vile vilivyomfanya akae chini akatunga. Wachezaji wengi huanzia huko kabla hata ya kusoma sheria. Florian aliutaka ukurasa huo Jumapili saa kumi na mbili jioni, maana Jumatatu kitabu kinaingia mtamboni. Rweyemamu aliniletea orodha yake Jumamosi asubuhi.

Sitaki kumsema vibaya Mwalimu. Anafundisha fizikia, na alikulia Bukoba kwenye nyumba yenye kabati la vitabu. Mvua ilipokuwa inanyesha wiki nzima, yeye alijifunika blanketi akasoma habari za mazimwi, mapanga na falme zilizozama. Akianza kukueleza kitabu alichokisoma akiwa darasa la sita, unaona kabisa kwamba hayuko tena na wewe. Anavipenda kwa dhati. Shida yangu ni kwamba mapenzi hayo ni yake, naye alitaka kunivalisha mimi.

Mimi nilikulia Mirongo mjini, kwenye kibanda cha video.

Baba yangu, Nkwabi Shimba, alikuwa msimulizi wa filamu. Kibanda kilikuwa cha mabati, mbao za kukalia, mkeka mbele kwa ajili ya watoto, televisheni moja na deki moja. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua, baba akiwemo. Alikuwa anapunguza sauti, anashika maiki, na kuanza kutuambia kinachoendelea. Mashujaa wa Kichina walikuwa na majina ya Kisukuma. Wafalme wa Kihindi waligombana kuhusu ng'ombe. Katikati ya vita alikuwa anasema, bila kubadilisha sauti, "Mwenye baiskeli ya kijani, umeziba mlango, itoe," halafu panga linaendelea kushuka. Majina halisi ya filamu hizo hatukuyajua kamwe. Kanda zilikuwa zimebandikwa karatasi zenye maandishi ya kalamu: Wachina wa Nne, Malkia Nyoka, Mapanga Mapya.

Nikiulizwa vitabu na filamu ninazozipenda, jibu langu ni hilo. Napenda Malkia Nyoka, kama alivyoisimulia Nkwabi. Napenda Mapanga Mapya, kama alivyoisimulia Nkwabi. Zaidi ya yote naipenda siku aliyoikosea.

Siku yenyewe sikuwepo. Nilikuwa na miaka minane, niko Magu kwa bibi naumwa surua. Nimeisikia kutoka kwa baba mara nyingi, zamani alipokuwa bado anakubali kuisimulia. Mapanga Mapya ilikuwa ndefu, imegawanywa kwenye kanda mbili, na siku hiyo baba aliingiza kanda ya pili kwanza. Hakugundua mpaka shujaa alipokufa mwishoni, akazikwa, mke wake akalia, kanda ikaisha. Kibanda kimejaa na kanda iliyobaki ni ya kwanza. Baba akaiingiza. Shujaa akatokea mzima, kijana kuliko alivyokuwa, anatembea njiani. Akakutana na mke wake kisimani, wala hamjui, kwa sababu kwenye kanda ya kwanza walikuwa bado hawajafahamiana.

Baba akashika maiki akasema: "Siku ya tatu ziwa lilimtoa. Yuko mzima, ila ziwa limebaki na kitu chake kimoja. Hamkumbuki mkewe. Sasa mke inabidi amsimulie."

Hiyo ndiyo sheria ya sita ya Ng'ambo. Mhusika akifa, siku ya tatu anarudi kutoka ziwani, lakini kumbukumbu yake moja imebaki majini. Mchezaji mwenyewe anachagua ni ipi. Wenzake mezani wanamsimulia alichokisahau, naye haruhusiwi kusema neno mpaka wamalize. Kuanzia hapo, anachokumbuka ni kile walichomwambia wao. Florian alinipigia simu kwa ajili ya sheria hiyo tu. "Dada, hii ndiyo kitabu chenyewe," alisema. "Umeitoa kwenye filamu gani?"

Rweyemamu naye alikuwa ameshamtafutia jibu. Namba moja kwenye orodha yake ilikuwa filamu fulani ya Ulaya ambayo mimi sijawahi kuiona hata picha yake.

Nikachukua karatasi safi, nikaandika ukurasa wangu, mistari sita, na jina la baba katika kila mstari. Nikafunga duka saa nane, nikaenda kumwonyesha.

Baba anafuga kuku wa mayai huku huku Kiseke, juu kidogo, kwenye mawe. Nilimkuta anapima pumba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikamweleza habari ya orodha ya Mwalimu, nikampa karatasi yangu. Aliishika mbali na macho, akaisoma yote, akanirudishia.

"Toa jina langu," akasema.

"Kwa nini?"

"Weka orodha ya yule mwalimu wa Kihaya. Umesema anayo. Huyo amesoma."

"Mimi sijasoma alivyosoma yeye, baba. Mimi nimekusikiliza wewe."

"Basi ulisikiliza uongo." Akarudi kwenye pumba zake.

Nilijua linatoka wapi neno hilo. Miaka sita iliyopita, pale sokoni Mirongo, kijana mmoja muuza makava ya simu alimwita mbele za watu. Alikua akiisikia hadithi ya baba ya jamaa aliyetolewa na ziwa, na sasa alikuwa ameipata Mapanga Mapya kwenye simu, nzima, kwa mpangilio wake. "Mzee Nkwabi, njoo uone. Jamaa akishakufa, amekufa. Hafufuki. Ulitupiga kamba utoto wetu wote." Watu walicheka sana. Baba naye alicheka, akarudi nyumbani, na wiki hiyo hiyo akaipeleka maiki yake kanisani kwa wanakwaya. Tangu siku hiyo akienda mjini anazunguka njia ya nyuma ili asipite pale.

"Walikuwa wananiamini," aliniambia siku hiyo ya Jumamosi, mkono bado uko ndani ya ndoo. "Watu wazima, wametoka kwenye jua, wanakaa kwenye mbao, wananiamini. Nikachukua kosa langu nikawapa waone kwamba ndiyo filamu. Nimelala na aibu hiyo miaka sita, sasa unataka ichapwe kitabuni."

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia kwamba huyo kijana wa makava hajatunga hata salamu. Nilimwambia kwamba kuna watu sasa hivi, Jumapili hadi Jumapili, wanakufa na kurudi kwa neno lake. Baba alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mtu wa sensa, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumapili asubuhi, natoka misani, simu ikaita. Alikuwa Florian. Nilikuwa nimemtumia picha ya ukurasa wangu ili ajue ninachokipigania.

"Dada Bernadeta, nimeupenda, kwa kweli nimeupenda," akasema. "Lakini msimuliaji wa kibanda si chanzo. Watu wanataka jina la filamu, mwaka, aliyeitengeneza. Wakikosa hivyo watatucheka."

"Wacheke."

"Kuna njia ya katikati. Tunaweka orodha ya Mwalimu, halafu chini tunaongeza mstari mmoja: pamoja na masimulizi ya jadi ya Wasukuma. Inapendeza, na mzee atakuwa humo."

Nilisimama pale pale kwenye geti la kanisa, watu wananipita.

"Ndugu Florian," nikasema, "baba yangu si jadi. Ni mtu, ana jina, alikuwa na deki ya mkopo na kibanda cha mabati. Hayo hakuyarithi kwa babu yake. Aliyatunga siku ya Jumatano saa tisa mchana kwa sababu alikosea kanda. Ukiandika jadi ya Wasukuma, umemfuta yeye ukatuweka wote."

Akaniuliza: "Mzee mwenyewe amekubali jina lake liandikwe?"

Hapo alinipata, na mimi si mtu wa kusema uongo nikitoka kukomunika. Nikamwambia atakuwa na ukurasa saa kumi na mbili.

Saa nane mchana tulikuwa mezani. Alikuwepo Rweyemamu na orodha yake kwenye bahasha, kwa usalama. Alikuwepo Winnie, anayekata minofu ya sangara kiwandani na ambaye mhusika wake ni jambazi wa majini asiyependa samaki. Na alikuwepo Jonathan, fundi wa injini za boti pale Pasiansi, mtu wa miaka thelathini na nane na maneno machache. Wiki nzima nilikuwa nawauliza wote wanapenda vitabu gani na filamu gani. Winnie alitaja filamu za Kinaijeria zenye mashetani wanaokaa kwenye chupa, akazieleza moja baada ya nyingine. Jonathan alisema ataniambia siku nyingine.

Kila Jumapili baba huleta trei la mayai kwa ajili ya Winnie. Alipiga hodi, akapokea shikamoo zao, akaliweka trei juu ya printa, akageuka kuondoka.

"Baba, kaa," nikamwambia.

"Nina kuku."

"Umesema sheria ya sita ni uongo. Kaa ucheze mara moja. Ukiivunja hapa mezani, mbele ya watu, naitoa kitabuni na jina lako linatoka nayo. Orodha ya Mwalimu inaenda Dar kama ilivyo. Usipoivunja, jina linabaki."

Rweyemamu alinitazama kwa mshtuko, maana Florian alikuwa amekwisha sema kwamba bila sheria hiyo kitabu hakina kitu. Lakini baba namfahamu. Ukimbembeleza hakusikii, ukimchokoza anavuta kiti. Akavuta kiti.

"Mhusika wangu ni mpiga mbiu," akasema, akiitazama dadu kwa dharau. "Mtu anayelipwa kusema."

Kundi lilikuwa limefika kwenye mdomo wa mto, linatafuta mtumbwi. Nikawaeleza: maji ni ya kahawia, magugu yameziba nusu ya mto, ng'ambo kuna moshi wa kijiji, na chini ya magugu kuna mamba wawili. Winnie alianza kupanga mbinu za kamba na nyama. Baba hakumngoja amalize.

"Mpiga mbiu anaingia majini," akasema.

"Mamba wamemwona," nikamwonya.

"Anaogelea kuelekea kwao."

Akarusha dadu. Ikatoa mbili. Nikamuua kwa maneno machache, kwa sababu ndicho alichokitaka.

"Siku ya tatu ziwa limemtoa," nikaendelea. "Amelala juu ya mwamba, anapumua. Kumbukumbu yake moja imebaki majini. Baba, ni ipi?"

Alijibu haraka, alikuwa ameshaipanga. "Kibanda cha Mirongo. Siku ya kanda mbili. Amesahau kwamba aliwahi kushika maiki." Akakunja mikono. "Haya, sheria inasema wenzake wamsimulie. Mwalimu alikuwa Bukoba. Huyu binti wa minofu alikuwa hajazaliwa. Wewe Bernadeta ulikuwa Magu una surua, na unayoyajua niliyasema mimi. Ukinirudishia maneno yangu hujanisimulia kitu. Kwa hiyo hakuna wa kunisimulia. Sheria yako imekwama. Itoe."

Nikiri kwamba alinishinda. Nilizunguka kichwani mwangu nikitafuta mlango na sikuuona. Rweyemamu aliishika bahasha yake, kisha akaiachia, na namshukuru kwa kuiachia.

Jonathan akaiweka penseli chini.

"Mimi nilikuwepo, mzee," akasema.

Baba akamgeukia.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikaa mkekani, karibu na deki. Tulikuwa tumetoka Ukerewe, tumefikia kwa baba mdogo pale Mirongo, baada ya matanga ya kaka yangu Nathaniel. Alikwenda kuvua dagaa, mtumbwi ukapinduka, mwili haukuonekana. Tulizika shina la mgomba badala yake. Mama yangu akawa hali, hasemi, na mtu yeyote akilitaja jina la Nathaniel anatoka nje. Baba mdogo akanipa hela ya video ili nisikae mle ndani."

Aliongea polepole, macho yake yako kwenye meza.

"Filamu yako ilianza katikati. Mtu anakimbia na panga, hatujui ni nani, hatujui anamkimbiza nani. Tukaanza kunong'onezana kwamba mzee kakosea kanda. Kaka mmoja nyuma akataka kupiga kelele arudishiwe kiingilio. Watu wakamwambia nyamaza, tuone atatokaje."

Baba akafungua mdomo. Nikainua kidole. Sheria ni sheria, hakuna kusema neno mpaka wamalize. Akaufunga.

"Jamaa akafa, akazikwa. Ukaingiza kanda nyingine. Ikaanza na majina ya waigizaji, mzee. Majina, na muziki mkubwa, dakika mbili nzima. Hata mtoto wa chekechea anajua majina yanakaa mwanzo. Wewe ukashika maiki ukasema: hayo ni majina ya waliohudhuria mazishi yake. Kibanda kizima kilicheka mpaka mbao zikalia. Ulidhani tunacheka nini?"

Winnie alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Baba hakucheka.

"Tulicheka kwa sababu tulijua, na tulikuwa tunakuona jasho linavyokutoka. Hakuna aliyeondoka. Halafu jamaa akatokea anatembea, na wewe ukasema ziwa limemtoa ila limebaki na kitu chake. Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja alikuwa na beseni la mihogo miguuni, akawa anamwambia yule mwanamke wa kwenye televisheni: mwambie basi, mwambie wewe ni nani. Wengine nao wakaanza. Mwambie. Mwambie."

Akalamba midomo.

"Mimi sikuwa mjinga. Nilijua Nathaniel harudi, na nilijua ile ni kanda ya kwanza. Lakini nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekaa ukutani, nikaanza kumwambia. Nikamwambia Nathaniel alikuwa anaogopa bata. Nikamwambia alivyoiba sukari akalaumiwa paka. Nikamwambia kila nilichokijua, mpaka giza likaingia, na safari hii mama hakutoka nje. Nilipomaliza akaomba uji."

Nje mtu alikuwa anagonga mlango akitaka kopi na hakuna aliyemwitikia.

"Unasema ulitudanganya," Jonathan akasema. "Hukumdanganya mtu. Ulikosea, tukajua umekosea, ukaendelea mbele, na sisi tukaenda na wewe kwa kupenda kwetu. Yule wa makava ya simu alikuwa hajazaliwa au alikuwa mgongoni. Asituelezee sisi tulichokiona." Akaichukua penseli yake. "Nimemaliza."

Sasa baba alikuwa na ruhusa ya kusema. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikuona sababu ya kuinamisha kichwa. Miaka minne huyu mtu alikuwa amekaa mezani kwangu, amekufa mara tatu, amesimuliwa mara tatu, na hajasema.

"Huyo mama wa mihogo ni Odeta," hatimaye baba akasema. "Bado yuko sokoni."

"Na mchezo, baba?"

"Si umeona mwenyewe. Amenisimulia." Akainuka, akaliangalia trei lake la mayai, akalisogeza kidogo lisianguke. "Andika. Lakini uandike na kosa. Ukiliandika jina bila kosa, huyo atakuwa mtu mwingine."

Niliandika mbele yake, naye akarekebisha jambo moja: ilikuwa siku ya Alhamisi, si Jumatano kama alivyozoea kutuambia. Saa kumi na moja na nusu nikamtumia Florian ukurasa. Orodha ya Rweyemamu nilimrudishia mwenyewe, na nikamwambia siku atakapotunga mchezo wake, orodha hiyo itakuwa ya kweli na mimi nitaisoma yote. Aliipokea vizuri. Alisema labda ataanza.

Florian alipiga kabla ya saa kumi na mbili.

"Dada, wakubwa wangu watauliza hii filamu ni ipi."

"Waambie haipo. Waliotengeneza filamu walimuua jamaa wakamwacha. Aliyemrudisha ni Nkwabi Shimba, na ameandikwa hapo."

"Nikisema ukurasa huu hautaingia kama ulivyo?"

"Basi na sheria ya sita itoke, maana hapo ndipo ilipotoka. Na mkataba wangu mnirudishie."

Nikamsikia anapumua. "Bila sheria ya sita hatuna kitabu."

"Naona tunaelewana," nikamwambia.

Kitabu kilitoka mwezi wa nane. Ukurasa wa mwisho una mistari sita, na wa kwanza unasema hivi: Mapanga Mapya, kanda mbili, jina lake halisi silijui. Ilionyeshwa Mirongo, Mwanza, siku ya Alhamisi, kanda ya pili kabla ya kwanza, kwa makosa. Msimulizi, Nkwabi Shimba. Waliokuwepo walijua.

Nilimpelekea baba nakala yake. Aliiweka kwapani, akasema twende mjini, ana shida na dawa ya kuku. Tulipofika Mirongo sikumwambia lolote. Alipita njia ya mbele, katikati ya soko, taratibu, mbele ya meza ya makava ya simu. Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana kitambi kidogo. Alimwona.

"Mzee Nkwabi," akaita, na watu wakageuka. "Nasikia bado unasema yule jamaa alifufuka."

Baba akasimama.

"Kwenye simu yako alikufa," akasema. "Kwangu ziwa lilimtoa. Waulize waliokuwepo."

Meza ya tatu kutoka pale, mama mmoja mzee alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua hata macho.

"Lilimtoa," akasema. "Nilimwona."